Repli ya Ntoto

Jumatano, tarehe 3, mwezi wa kumi

Kle, ile flashi ya ordinateri, ilifika juzi kutoka Ntoto. Paluku motari, wa pikipiki, aliitoa mu mufuko ya shati, imefungwa na karatasi ya biskuti, pamoja na kaye yetu ya kuandika. Kaye imelowa upande moja. Nimemukaripia. Amenijibu: «Mwalimu, mvua njo ya kukaripia.»

Kasereka amekwisha kucheza zake, sasa ni zamu yangu. Kumi.

Nimetoka ku masomo, chaki ingali ku vidole, moja kwa moja mu duka ya Kasereka. Ordinateri ya kuaminika mu Muheto iko moja tu, njo hii yake, nyuma ya mifuko ya chumvi. Pano ya jua inatupa saa mbili, kisha mashini inalala. Kasereka anauza, mimi napigana vita. Wanafunzi wanadhani nasahihisha mitihani mule ndani.

Niandike mara moja, hata kama hakuna atakayesoma. Muchezo iko ufalme moja, na sisi tuko watatu. Hatupigani sisi kwa sisi. Tunapigana na Wekundu, na Wekundu ni mashini yenyewe. Kila muntu anatawala zamu kumi, anahifadhi yote mu kle, anaandika rapore mu kaye, anatuma kwa mwenzake. Kasereka, kisha mimi, kisha kaka yangu Bauma, enfirmie ku kituo ya afya ya Ntoto. Yeye iko na mashini yake ndogo kule. Paluku akipeleka chumvi na sabuni, anapeleka na ufalme.

Kila muntu aliita muji yake jina la kwao. Kasereka: Butembo. Mimi: Muheto. Bauma: Ntoto, pembeni kabisa, upande wa pori. Na kuko shimo ya dhahabu, tuliiita Omate, kama ile ya kweli. Dhahabu ya pale njo inazaa askari.

Sheria ya kwanza iko ku ganda ya kaye, mwandiko mubaya wa Bauma: Hakuna kuacha muji bila kuuliza mwenye jina.

Na kila rapore inaanza na mistari miwili. Walinzi, ngapi. Wakaaji, ngapi. Bauma njo alilazimisha. Mimi naona ule wa pili ni wa bure. Wakaaji hawashiki mukuki.

Kasereka ametuachia hali mbaya. Amepoteza wapanda farasi wawili juu ya kufukuza ng'ombe. Ng'ombe! Nimemwambia. Amecheka, amerudi kupima chumvi.


Ijumaa, tarehe 5

Wekundu wanakuja kwa njia mbili. Sita wanaelekea Ntoto. Watano wanaelekea Omate. Mimi niko na askari sita kwa jumla: watatu Ntoto, wawili Omate, mumoja Muheto.

Nimengoja wanafunzi watoke, nimefanya hesabu ku tablo na chaki. Nikiwaacha vile walivyo, napoteza yote mbili. Nikiwapeleka wote Ntoto, Omate inaanguka, na bila Omate hakuna askari mupya, kwisha ufalme. Nikitoa wale watatu wa Ntoto, Omate inakuwa na watano nyuma ya ukuta. Inasimama. Ntoto inaanguka, ndiyo. Tutairudia kisha ya zamu kumi na tano.

Nimerudia mara tatu. Jibu ni lile lile.

Lazima nimuulize Bauma. Ntoto hakuna rezo, anapanda mulima kila Jumapili kisha ya misa, ananipigia. Ni siku mbili tu za kungoja. Lakini najua atasema nini. Atasema hapana, na hapana yake itakuwa ya roho, si ya akili. Nimemukasirikia mbele hajafungua kinywa.


Jumamosi, tarehe 6

Nimefanya.

Mu kaye nimeandika hivi, na mwandiko yangu ya tablo, kila herufi wima: Toa askari wote Ntoto. Wapeleke Omate. Ntoto isilindwe. Tarehe 6.

Chini yake: Ntoto. Walinzi: hakuna. Wakaaji: elfu nne. Ni repli tu. Ntoto haina kitu.

Zamu ya tano Wekundu waliingia Ntoto, mashini ikawapigia tarumbeta. Zamu ya saba walifika Omate. Omate imesimama! Nimepoteza mumoja tu. Kasereka ameita wateja waone. Papa mumoja aliyekuja kununua misumari amenipigia makofi.

Nilifurahi, nakubali. Nimekula vizuri.

Neno hii, repli, hatuna lingine hapa kwetu. Ni neno ya basoda, askari wa kweli: kurudi nyuma na kuacha muji. Wakilisema, wamama hawaulizi maana, wanaanza kufunga magodoro. Na mimi nimeliandika kama neno ya kawaida.


Jumapili, tarehe 7

Bauma amepiga. Upepo mingi mu simu. Iko na wagonjwa watano wa kulala. Mumoja ni Mama Anna, mujane, alivunjika nyonga mu shamba ya muhogo. Analala karibu na dirisha, anamutukana kila asubuhi juu ya uji yake nyepesi. Bauma alicheka sana akinisimulia. Kaka yangu anapenda watu wanaomutukana.

Akauliza: «Zamu ilienda je?»

Nimejibu: «Utaona mu kaye.»

Ni hayo tu. Nafasi ilikuwa pale, na simu haikukatika.

Kisha akasema jambo jingine. Basoda wanaolala ku shule ya Ntoto wameanza kugawa kuku zao kwa majirani. Akasema: «Muntu anayebaki hagawi kuku, Furaha.» Rezo ikakatika.

Mimi ni muntu wa kiburi. Wacha iandikwe.


Jumanne, tarehe 9

Paluku ametoka asubuhi. Chumvi, sabuni, mishumaa, kle, kaye. Nimemwambia asiloweshe. Ameifunga mara mbili, amenionyesha, ameninunia.

Interogasio, mutihani mudogo, ya sehemu mu darasa ya sita. Nusu wameanguka. Nimepiga kelele mpaka ku ofisi ya diresheni wamenisikia.


Alhamisi, tarehe 11

Paluku amerudi mapema mno. Nilimukuta mu duka, anakunywa maji, mikono imejaa matope mpaka kiwiko.

Jana alifika Ntoto, akamupa Bauma kaye na kle. Leo, jogoo wa kwanza, basoda wametoka. Wote. Na magodoro ya shule juu ya kichwa. Watu wakawauliza, wakajibu neno moja: repli. Wengi wamechukua njia ya Omate, sababu kule kuko dhahabu ya kulinda. Komanda na wachache wamekuja kusimama ku daraja, kati ya Ntoto na sisi, wameweka barieri, kizuizi ya njia. Na wale wa mu pori, waasi, walikuwa wanangojewa kuingia mbele jua halijazama.

Ntoto yote iko mu njia. Bauma alimupakia Paluku mama mumoja aliyezaa jana, akamwambia kimbia, mimi nakuja na wengine kwa miguu.

Basoda wametoka Ntoto, wamekwenda Omate.

Nilikaa juu ya mufuko ya chumvi. Kasereka aliniangalia.

Mimi si muchawi. Kaye haitembezi basoda. Najua. Ni kwamba mahali fulani, muntu fulani alifanya hesabu kama yangu na akapata jibu kama langu. Hiyo njo inaniogopesha.


Ijumaa, tarehe 12

Wanafika. Wamejaa mu kanisa, mu shule, chini ya maturubali. Mu darasa yangu kuko familia tatu. Hesabu yangu ilikuwa ingali ku tablo: sita, watano, mishale. Mama wa Ntoto alikuwa anatandika mukeka chini yake. Nimefuta na mukono mutupu, sikutafuta kitambaa.

Nimeuliza kila muntu. Papa mumoja alimuona Bauma jana ku mutoni, na wagonjwa wanne, wawili juu ya machela, wawili wanatembea.

Wanne. Mu simu walikuwa watano. Ule aliyezaa ni wa juzi, simuhesabu.

Jua limeingia. Hajafika.


Jumamosi, tarehe 13

Wagonjwa wanne wamefika. Bauma hapana.

Wabeba machela wamenisimulia, nami naandika vile nilivyosikia. Ku barieri ya daraja basoda walifungua mifuko yote. Mu mufuko ya Bauma walikuta kaye. Komanda akasoma ukurasa yangu. Akasoma tena. Akaita wengine wasome.

Uvumi ulikuwepo, lakini amri ya kutoka Ntoto ilimufikia komanda Jumanne, kwa siri. Kaye iko na tarehe ya Jumamosi. Siku tatu mbele yake yeye mwenyewe, muntu ameandika: toa askari wote Ntoto, wapeleke Omate.

Wakauliza nani aliandika. Bauma alisema: mimi. Akasema ni muchezo ya ordinateri. Wakakasirika zaidi. Wakamupa kalamu, wakamwambia andika maneno yale yale. Akaandika. Mwandiko wa enfirmie, nani asiyeujua, kama kuku amepita. Na ule mwingine ni wa mwalimu, kila herufi wima. Wakaona anadanganya. Wakamupiga. Wakamuuliza tena nani aliandika. Akasema tena: mimi.

Hakutaja jina yangu. Wala Muheto.

Wamesema wanamungoja mukubwa wao apite Alhamisi atoe hukumu. Mupelelezi, hapa, hukumu yake kila muntu anaijua.

Nimejifungia mu choo ya shule, nimelia kama mutoto. Mimi muji yake niliitoa kwa kalamu. Yeye yangu ameilinda na mwili.


Jumapili, tarehe 14

Sikuenda ku ibada. Nilikaa na karatasi.

Nimeanza kuandika: nikienda, wanaweza kutushika wawili. Nikibaki, wako na mumoja. Mumoja ni kidogo kuliko...

Nimetupa kalamu mu moto. Kweli, mu moto. Hii ni nyingine.

Kisha ya misa yao, Kasereka amekuja nyumbani, na suti yake ya kanisa, mashini chini ya kwapa. Nilikuwa nimetafuta maneno ya kumuomba tangu jana. Ameiweka juu ya meza, batri imejaa moto kamili.

«Dada, enda uwaonyeshe.»

Nimemwambia inaweza isirudi. Picha za paspoti, barua za watu, nyimbo za simu, kazi yake yote iko mule.

«Haitarudi,» akasema. «Enda.»

Ule niliyemutukana juu ya ng'ombe.


Jumatatu, tarehe 15

Niandike yote, polepole.

Paluku alinipeleka. Nilimwambia aniache mbele ya kona, nitembee peke yangu. Alipita kona na mimi mpaka ku kamba ya barieri. Mashini nilikuwa nimeibeba mu mugongo, na kikwembe, kama mutoto. Musoda wa kamba aliniambia nifunue mutoto. Nilifunua. Alicheka, akaita wenzake.

Komanda ni muntu wa sauti ndogo. Shati safi. Aliniita Mwalimu mbele sijajitambulisha, sababu mwandiko yangu ilikuwa juu ya goti yake.

Bauma alikuwa nyuma ya kibanda, chini, bila viatu. Jicho moja limefunga. Aliniona, akageuza uso. Alikasirika kwamba nimekuja. Namujua.

«Weye njo uliandika?»

«Njo miye.»

«Nani alikupatia mupango yetu?»

«Hakuna muntu. Nilihesabu.»

«Ulihesabu?»

Nikafungua mashini juu ya sanduku ya risasi. Niliomba kle, wakaitoa mu mufuko ya Bauma, walidhani ni kitu ya simu. Ramani ikafunguka. Komanda akaona majina. Omate. Muheto. Ntoto. Aliinama mpaka kofia yake ikagusa mashini.

Nilimurudisha ku zamu yangu ya kwanza. Nikamuonyesha sita na watano. Akahesabu na vidole. Akauliza: «Ju ya nini haukuwaacha kila mumoja pale iko?» Nikamwambia ajaribu. Akajaribu. Akapoteza yote mbili. Akataka tena. Akawapeleka wote Ntoto. Omate ikaanguka, kisha Butembo, kisha yote. Mara ya tatu akatoa watatu wa Ntoto, polepole, kidole kimoja kimoja, akawapeleka Omate. Tarumbeta ikalia Ntoto. Omate ikasimama.

Akaegemea nyuma.

«Umefanya muzuri, Mwalimu,» akasema. «Njo vile vile miye nilifanya.»

Akaweka mukono ku bega yangu. Akasema kama ningekuwa mwanaume, angenichukua ku kazi.

Nimesifiwa na wakaguzi wawili mu miaka kumi na minne ya chaki. Hakuna sifa iliyonichukiza namna hii. Na nilisema asante. Nilisema: «Asante, Komanda.» Nilikuwa nataka kaka yangu.

Nilitaka kumuuliza pia: na wakaaji, je? Ku ramani namba yao ilikuwa imeandikwa chini ya jina la muji, elfu nne, wazi kabisa. Hakuiangalia hata mara moja. Sikumuuliza. Mimi pia sikuwa nimeiangalia.

Alisema mashini inabaki kwa uchunguzi. Alisema hivyo akiwa ameshafungua zamu ingine. Kle niliichomoa na kuiweka mu kitambaa ya kichwa. Kaye alinirudishia yeye mwenyewe, na heshima, akaamuru wamufungue Bauma.

Tulirudi watatu juu ya pikipiki, Bauma katikati. Nilimushika tumbo na mikono yote miwili, juu hakuwa na nguvu za kujishika. Shati yake ilinuka moshi.


Jumanne, tarehe 16

Bauma amelala siku nzima. Nimefungua kaye.

Alicheza zamu zake Jumatano, siku ile ile Paluku alipofika, mbele ya basoda kutoka. Kumi. Ameandika hivi: Zamu ya kwanza, nimepita. Zamu ya pili, nimepita. Mpaka ya kumi, nimepita. Hakuhamisha askari hata mumoja. Chini:

Ntoto. Walinzi: hakuna. Wakaaji: sijui tena.

Na chini kabisa: Ungeniuliza tu.

Alipoamka nilimuomba musamaha, mbele ya sahani ya bugali. Sikuweka maelezo. Alikula. Mudomo unamuuma, alikuwa anakata matonge madogo madogo. Kisha akaniambia habari ya ule mugonjwa wa tano.

Ni Mama Anna. Alhamisi ile kila muntu alikuwa na watoto wake mugongoni na sufuria yake kichwani. Bauma alipata wabeba wa machela mbili tu, na waliozidiwa walikuwa watatu. Akachagua. Mama Anna akabaki ku kitanda, karibu na dirisha. Bauma alimuachia jerikani ya maji, muhogo na maharagi ya kupikwa, vidonge vya maumivu. Akamwahidi: siku mbili, narudi kukuchukua. Mama Anna akamwambia aende zake na uji wake mubaya.

«Miye pia nilifanya repli,» akasema.

Ilikuwa arudi Jumamosi. Jumamosi alikuwa amefungwa kamba ku daraja, juu ya sentensi yangu.

Hii hesabu nimeielewa bila tablo.


Alhamisi, tarehe 18

Nilikuwa nachagua maharagi, natoa mawe. Bauma akaja na fimbo, akasimama ku mulango. Hakuingia. Alifunga vifungo vya shati mpaka juu, kama muntu anayekwenda kwa wakwe.

«Furaha, nakuuliza. Naweza kutoka Muheto?»

Sikuelewa mara moja. Nilidhani ni mzaha. Kisha nikaelewa. Mu muchezo, Muheto ni muji yangu. Hakuna kuacha muji bila kuuliza mwenye jina.

Nilimuangalia. Jicho linafunguka nusu. Mbavu anazishika akikohoa. Ntoto hakuna musoda, na hakuna anayejua nani iko. Ile mama imekwisha siku saba peke yake, na maji ya siku tatu. Kila namba ilikuwa inasema hapana. Na mimi nilitaka kusema hapana, Mungu anisamehe, nilitaka kumufungia ndani ya nyumba.

Nimesema: «Toka.»

Akainamisha kichwa. Akaniambia asante.

Nimemufungia maharagi. Kasereka ameleta chumvi na batri za tochi, hakutaka kusikia asante. Nimemupa Bauma kaye pia. Sijui juu ya nini. Bila mashini, ni ya nini? Ameiweka mu mufuko.

Paluku amemupeleka mpaka ku daraja. Amerudi anasema walipita bila swali. Komanda hakuinua hata macho, alikuwa anacheza.


Jumapili, tarehe 21

Nimepanda mulima wa rezo, ule wa kwetu. Nimekaa na simu ku mukono tangu kisha ibada mpaka baridi ikaingia. Haikulia.


Jumatano, tarehe 24

Tumeanza masomo, nusu siku, juu familia zingali mu madarasa. Nimefundisha kujumlisha mbele ya mama anayenyonyesha. Sikupiga kelele. Wanafunzi wananiangalia kama mugonjwa.

Hakuna habari.


Ijumaa, tarehe 26

Paluku amefika Ntoto jana na amerudi leo, wale wa mu pori hakuwaona. Kaye imefungwa na karatasi ya biskuti, mara mbili. Kavu kabisa.

Nimefungua pale pale mu duka, nimesimama. Ukurasa mupya, mwandiko wa kuku:

Ntoto. Walinzi: hakuna. Wakaaji: wawili.

Na chini: Mama Anna anasema uji ingali nyepesi.

Kasereka aliuliza imeandikwa nini. Nilimusomea kwa sauti. Alirudia peke yake, wakaaji wawili, wakaaji wawili, kisha akaenda kuhudumia muntu wa mafuta ya taa.

Nimeandika chini yake: Nimepokea. Furaha. Halafu nimekuja nyumbani. Paluku anarudi kule Jumanne. Nimetwanga mahindi na soya, nimepepeta mara mbili, nusu ndoo ya unga, ya kukaza uji.